Wazazi wetu hawachangamki tena likizo ya familia ikifika. Tufanyeje?

Swali

Wazazi wangu wamezeeka: baba ana miaka 81, mama 76. Kila likizo ndefu sisi watoto wao wanne tunakutana nao pamoja na wakwe na wajukuu, mara nyingine nyumbani kwao, mara nyingine tunasafiri wote na kukodi nyumba mahali pa matembezi. Zamani wao ndio waliokuwa wa kwanza kuchangamka. Siku hizi baba anakaa kimya mezani, halafu anajiendea kulala. Mama tukipanga kutoka anasema, "Nendeni tu, mimi nitabaki." Kaka yangu mkubwa anasema tuwaache wapumzike, tusiwasumbue. Mimi moyo unakataa. Tufanye nini ili wafurahie kuwa nasi?

Jibu

Dada yangu, nianze na kauli ya mama. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee na familia zao, na hiyo "nendeni tu" nimeisikia mara nyingi mno kiasi kwamba siichukui tena kuwa jibu. Mzee anayesema hivyo ni nadra awe amewachoka watu wake. Kwa kawaida ameshapiga hesabu kimyakimya: choo kiko wapi huko, ngazi ni nyingi kiasi gani, nitamchelewesha nani, nikibanwa na haja njiani nitamwambia nani mbele ya wakwe. Hesabu ikikataa, anabaki, na analisema kwa upole ili asiwaharibie siku. Kaka yako amesikia ule upole akadhani ndio utashi wa mama.

Kwa hiyo simlaumu kaka, ila siungani naye. Ukiniuliza kilichobadilika ni nini, nitakwambia kwamba miili ya wazazi imebadilika na likizo haikubadilika. Mnatoka saa zilezile, mnakaa watu wengi mezani vilevile, mnatembea mwendo uleule wa miaka kumi iliyopita. Likizo ile ilipangwa kwa miguu na masikio ya kijana. Mzee hawezi kuifuata, na kwa kuwa hataki kuonekana mzigo, anajiondoa mwenyewe. Mkiupanga upya mpangilio wa siku, sehemu kubwa ya furaha yao itarudi bila ninyi kuifanyia kazi ya ziada.

Tuanze na ukimya wa baba, maana hapo ndipo familia nyingi hukosea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wamepungukiwa usikivu kwa kiwango kinachowatatiza katika maisha ya kila siku. Usikivu wa uzeeni haupungui kwa sauti zote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko herufi kama s, sh, f na th. Irabu anazisikia vizuri tu. Ndiyo maana wazee husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Anapata mlio wa sentensi bila maneno yake, "fika" na "shika" humjia karibu sawa. Sasa weka hapo sauti za watoto, ambazo zenyewe ni nyembamba, weka watu wanne wanaozungumza kwa wakati mmoja, weka televisheni inayounguruma pembeni. Mtazame baba yako kwa makini siku ya kwanza ya likizo. Huenda ukamwona akicheka nukta moja baada ya wengine, macho yakihama kutoka uso huu hadi ule, kwa sababu anacheka kwa kuziona nyuso zenu, mzaha wenyewe haukumfikia. Kufanya hivyo kwa saa mbili kunachosha akili vibaya. Akienda kulala, anaukimbia uchovu huo.

Kuna mambo ya kufanya hapa na hayagharimu chochote. Mkalishe mgongo ukiwa ukutani, ili kelele zisimtokee nyuma, na upande wa sikio lake zuri akae mtu anayependa kuzungumza naye. Zima televisheni wakati wa kula. Mwanga uangukie uso wa anayesema, maana baba anasoma midomo hata kama mwenyewe hajui kwamba anaisoma. Mwite kwanza kwa jina au kwa cheo chake, akigeuka ndipo useme, na umtajie mnazungumzia nini: "Baba, tunaongelea safari ya kesho." Msimpigie makelele. Sauti ikipazwa sana hupindisha maneno, na sikio la mzee lina tabia ya kushindwa kuvumilia sauti kubwa hata kama za chini hazisikii. Asipoelewa, badilisha maneno badala ya kuyarudia yaleyale. Na kuna neno moja ninalowaomba wote mliache kabisa: "Basi, si kitu." Mtu mzima aliyewalea ninyi anauliza mmesema nini, anajibiwa si kitu. Akijibiwa hivyo mara tatu, hatauliza tena.

Kabla ya likizo, mpeleke akachunguzwe masikio. Pengine ni nta tu iliyoziba, na hiyo huondolewa kituo cha afya kwa muda mfupi. Kama anatumia kifaa cha kusikia, hakikisheni betri ziko na za akiba zipo. Nimewaona wazee waliopoteza likizo nzima kwa sababu ya betri.

Jambo la pili ni ukubwa wa mkusanyiko wenyewe. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuchunguza watu wanataka nini kadiri umri unavyosonga, na alichokionyesha ni kwamba mtu anapoona muda wake wa kuishi ni mfupi, anachuja. Anapunguza watu wa mbali na kutaka zaidi wale wa karibu, kwa kina zaidi. Huku si kununa wala si ugonjwa. Familia inayomletea mzee watu ishirini kwa pamoja inadhani imempa ishirini, kumbe yeye hakumpata hata mmoja. Mpeni mtu mmoja kwa saa moja, aone kwamba ametembelewa.

Nawashauri basi mgawane. Asubuhi moja mjukuu wao wa miaka tisa, au yeyote aliyepo wa umri huo, akae na babu yake peke yake. Jioni wifi yako atembee na mama hadi mwisho wa bustani na kurudi. Wewe mwenyewe tafuta muda wako na baba, bila simu. Mlo mmoja mkubwa wa wote ubaki, ni mzuri na wanauhitaji pia. Watu wazima hupenda kuona uzao wao umejaa mahali pamoja. Ila uwe mmoja kwa siku, na uwe na mwisho unaojulikana.

Sasa nije kwenye kazi. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba heshima kwa mzee ni kumkalisha asishike chochote. Mama anainuka kuchukua sahani, watu watatu wanamrukia: "Kaa, mama, kaa!" Anakaa. Akishika ufagio ananyang'anywa. Ikifika siku ya tatu hana la kufanya nyumbani kwake mwenyewe, amekuwa mgeni mbele ya watoto wake. Mpe kazi, tena ya kweli, ambayo asipoifanya itaonekana haikufanyika. Kama ndiye aliyekuwa akishona, mjukuu aje na vazi lililochanika na akae naye akiangalia uzi unavyopita. Kama baba alikuwa fundi wa kitu chochote, mtafutieni kilichoharibika. Niliwahi kumtazama mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza siku nzima. Kijana wa familia akamletea baiskeli iliyovuka mnyororo. Mzee hakugusa chombo. Aliketi kwenye kigoda, akamwelekeza mtoto kwa kidole: geuza hapa, vuta nyuma, sasa zungusha pedali polepole. Mnyororo ulipoingia kwenye meno, mtoto alipiga kelele ya furaha, na mzee akaanza kusimulia habari za baiskeli yake ya kwanza, na hakunyamaza hadi usiku.

Kipimo kizingatiwe, lakini. Utafiti mmoja wa wanawake wazee mjini Melbourne, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba mabibi waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili, na waliowalea siku tano au zaidi walifanya vibaya zaidi kwenye baadhi ya majaribio hayo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kulea ndiko kulikoleta tofauti, ila unalingana na ninachokiona kazini. Mjukuu ni dawa ya mzee kwa saa chache. Likizo ambayo wazazi wote wanaondoka asubuhi na kumwachia bibi watoto sita mpaka magharibi ni kibarua, hata kama hakulalamika. Muulize mama faraghani kama ndicho kinachotokea. Wakati mwingine "nitabaki" maana yake ni kwamba ameshajua atabakishiwa nani.

Halafu kuna simulizi. Wazee wengi hurudia habari za zamani, na vijana huinua macho juu. Daktari wa akili Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida na yenye faida katika uzee, wakati ambapo wengi waliiona kuwa dalili ya akili kuchoka. Kwa upande wa watoto, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake: bibi na babu walikutanaje, wazazi walikulia wapi, ni mabaya gani yaliyowahi kuipata familia. Waliona kwamba watoto wanaojua zaidi huwa, kwa wastani, wanajiamini zaidi na wanahisi wana uwezo juu ya maisha yao. Kwa hiyo wape watoto maswali ya kumuuliza babu. Yawe na ncha: nani alikuwa mkali kuliko wote nyumbani kwenu, uliwahi kupotea, siku ya kwanza ya kazi ulivaa nini. Swali la "babu, tuambie habari za zamani" ni pana mno, litamfanya ajibu, "Ah, zamani ni zamani."

Tuje kwenye matembezi. Kijana mwenye afya hutembea zaidi ya mita moja kwa sekunde bila kufikiri. Wazee wengi wa umri wa wazazi wako wako chini ya hapo, na wanaoshuka hadi mita 0.8 au chini huhesabiwa na madaktari kuwa miguu yao imeshadhoofika. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika dakika kumi mzee yuko nyuma yenu mita mia na zaidi. Ninyi mnasimama kumngoja, anawafikia, mnaondoka papo hapo. Kwa hiyo ninyi mmepumzika na yeye hakupumzika hata mara moja! Kanuni yangu ni kwamba mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie, na mapumziko yaanze kuhesabiwa pale yeye anapokaa chini.

Chagueni mahali pamoja kwa siku. Mahali hapo pawe na viti vyenye mgongo, kivuli, na choo mtakachokuwa mmeshakijua kabla ya kufika. Mtu mmoja atangulie au apige simu kuuliza. Mkifika, mwonyesheni mama choo kilipo kabla hajauliza. Jambo hili peke yake limewarejesha njiani wanawake wengi waliokuwa wameapa kutotoka tena. Wazee wengi hupunguza kunywa maji siku ya safari kwa hofu ya haja ndogo, na wengine huacha kimya vidonge vyao vya kukojoza. Yote mawili ni hatari. Kiu hupungua uzeeni, figo nazo hushindwa kuhifadhi maji kama zamani, kwa hiyo mwili unakauka bila mwenyewe kuhisi, na matokeo yake ni kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kuanguka. Mpe kikombe mkononi bila kungoja aombe, kidogokidogo. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, daktari wake ndiye atakayesema kiasi. Kuhusu vidonge, mwulizeni daktari huyo kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku ya safari. Asiviache kwa uamuzi wake.

Tokeni asubuhi, na msitoke mara tu baada ya mlo mzito. Kwa mzee, damu huelekea tumboni baada ya kula na shinikizo la damu laweza kushuka kwa muda wa saa moja hadi mbili. Akisimama ghafla wakati huo, anaona giza. Hata nje ya mlo, akitoka kitandani au kwenye gari, akae kwanza ukingoni, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo ainuke. Na rudini kabla jua halijazama. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, sembuse la miaka 81. Njia mnayoiona ninyi bayana saa ya magharibi, kwake ni giza lenye mashimo.

Baba akikataa mkongojo au kiti cha magurudumu, msibishane naye mbele ya wajukuu. Pelekeni kiti kikiwa kimebeba mikoba na maji. Akichoka, kitakuwapo, na atakikalia kwa hiari yake. Kusinzia mchana pia msikuone kuwa ameshindwa. Mpangieni chumba tulivu na nusu saa au zaidi kidogo, na watoto waambiwe. Baba aliyelala mchana ndiye atakayekaa nanyi jioni.

Kama mnasafiri mbali, jueni kwamba kukaa saa nne au zaidi bila kusogea huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo. Simameni njiani kila baada ya saa moja na nusu hivi, ashuke, atembee hatua kadhaa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na orodha yake iliyoandikwa. Mkifika kwenye nyumba mliyokodi, kabla ya mizigo, tembea na wazazi kutoka kitandani kwao hadi chooni, mchana huohuo. Ondoa mkeka unaoteleza na nyaya za umeme sakafuni, weka taa ndogo itakayowaka usiku kucha, na ndara zenye kushika vizuri. Wazee wengi huanguka usiku ule wa kwanza, kwa sababu mwili umeamka ukidhani uko kwake na ukuta haupo mahali pake.

Mtoto mwenye mafua na kikohozi abaki mbali na babu kwa siku hizo, hata kama inauma. Chanjo ya homa ya mafua, ikipatikana kwenu, huchukua kama wiki 2 kujenga kinga, basi isingojwe siku ya kuondoka. Tena, ikitokea mzazi akachanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, akawa hajui alipo au hawatambui watu, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa, na hutibika.

Limebaki la kuzungumza nao wenyewe, na hapo kaa na kaka yako kwanza. Msiwaulize wazazi, "Mtaweza?" Swali hilo linamtaka mzee akiri udhaifu, na watu wa kizazi chao hawatalijibu kwa ukweli. Waulizeni wanataka kumwona nani, wapi pana kitu ambacho wangependa kukiona tena, na saa ngapi ya siku wanajisikia vizuri zaidi. Wapeni mambo mawili ya kuchagua, yote mawili yakiwa yanawezekana, na watakachochagua kifanyike hata kama vijana wangependa kingine. Wakisema siku fulani wanataka kubaki nyumbani, wabaki, na mtu mzima mmoja abaki nao kwa kupenda, bila watoto wa kulea.

Tena mkubaliane mapema, kabla hamjafunga mizigo, ni nani atakayerudi nao wakichoka katikati ya matembezi. Mpokezane, leo wewe, kesho shemeji, keshokutwa kaka. Mwambie mama jina la mtu huyo asubuhi kabla hamjatoka, na umwambie kwamba gari lake limeegeshwa karibu. Mama akijua kwamba anaweza kurudi saa yoyote bila kuivunja siku ya wengine, hesabu yake ya kimyakimya itatoka tofauti.